Ibn Battuta na Pwani Yetu: Uaminifu wa Rihla Ukitazamwa kutoka Garissa

Ni nadra kukuta kitabu kinachohusu asili ya Kiswahili ambacho hakimwiti Ibn Battuta atoe ushahidi. Mwandishi anayetaka kuthibitisha kwamba miji ya pwani ilikuwa imestawi kabla ya kuja kwa Wareno humtaja yeye. Anayetaka kuonyesha kwamba Uislamu ulikuwa umekwisha kuota mizizi Mombasa katika karne ya 14 humtaja yeye. Hata anayetafuta umri wa jina la Waswahili hukimbilia kurasa zake. Kwa upande wa pili wapo wahakiki ambao, baada ya kugundua kwamba msafiri huyu aliazima maelezo ya wenzake na kudai safari ambazo yumkini hakuzifanya, huyakataa yote aliyoyasema. Makundi haya mawili yana kosa la namna moja. Yote mawili huuliza kama Ibn Battuta ni mtu mkweli, ilhali linalopasa kuulizwa ni kila kauli yake ilitokana na ujuzi wa aina gani.

Makala haya yanakusudia kuichambua sehemu ya Rihla inayohusu Zeila, Mogadishu, Mombasa na Kilwa, na kuitazama kutoka Garissa. Huenda msomaji akashangaa, kwa kuwa Ibn Battuta hakufika Garissa wala hakupata kulisikia jina hilo. Lakini jahazi lake lilipotoka Mogadishu kwenda Mombasa lilipita mbele ya pwani ambayo nyuma yake ndipo ilipo nchi hii ya Kaskazini Mashariki ya Kenya. Wanyama na desturi alizozieleza kabla ya kuipita pwani hiyo zingali zikijulikana hapa, na nchi yenyewe aliipita kimya. Kwa hiyo Garissa ni mahali pazuri pa kumpimia, kwani hapa yaliyosemwa na yasiyosemwa yanakutana.

Tutazigawa kauli zake katika madaraja matatu: aliyoyaona, aliyoyasikia, na aliyoyapita. Hoja yetu ni kwamba daraja la kwanza ni imara kuliko wanavyodhani wenye shaka. La pili ni dhaifu kuliko wanavyodhani wenye kuamini. Na la tatu halithibitishi lolote, ijapokuwa ndilo linalotumiwa vibaya zaidi.

Jinsi kitabu kilivyopatikana

Hatuna budi kwanza kukumbuka jinsi Rihla ilivyoandikwa. Ibn Battuta alizaliwa Tangier mwaka 1304, akaondoka kwao mwaka 1325 kwenda kuhiji. Pwani ya Afrika Mashariki aliizuru takriban mwaka 1331. Baada ya hapo alikaa India kwa miaka mingi, akawa kadhi Delhi na baadaye Maldives, na mwishowe alivuka Sahara mwaka 1352 kwenda Mali. Kitabu hakikutungwa njiani. Kilisimuliwa kwa imla mjini Fez, kwa amri ya Sultani Abu Inan wa ukoo wa Marini, na kuandikwa na katibu aitwaye Ibn Juzayy. Imla ilikamilika mwezi Desemba mwaka 1355, na Ibn Juzayy akamaliza kuipanga mapema mwaka 1356. Baina ya usiku ule wa Mombasa na siku ya imla imepita miaka ipatayo 24.

Msafiri mwenyewe anakiri kwamba maandishi aliyoyanakili Bukhara yalipotea alipoporwa na maharamia katika bahari ya India. Kwa hiyo sehemu kubwa ya tunayoyasoma ni kumbukumbu ya mzee aliyetembea mno, iliyopambwa na katibu mwenye kupenda lugha ya fahari. Wataalamu wamekwisha kuonyesha kwamba maelezo ya Damascus, Makka na Madina yana mengi yaliyochukuliwa kutoka kwa Ibn Jubayr, msafiri wa Andalusia aliyetangulia kwa karne moja na nusu. Mwaka 1987 Amikam Elad alionyesha kwamba maelezo ya Palestina nayo yanamfuata al-Abdari. Kabla yake, mwaka 1929, Stephen Janicsek alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba safari ya kwenda Bulghar, kaskazini ya mto Volga, haiwezekani katika siku ambazo msafiri anadai aliitumia.

Shaka hizi si za wasomi wa Ulaya peke yao. Ibn Khaldun, aliyeishi zama zilezile, anaeleza katika Muqaddima kwamba watu wa Fez walinong'onezana kuwa msafiri huyu ni mwongo. Anasema alipomwendea waziri Faris ibn Wadrar akitaka kuzikanusha habari hizo, waziri alimwonya asikanushe jambo kwa sababu tu hajaliona, akampigia mfano wa mtoto aliyekulia gerezani pamoja na baba yake. Mtoto huyo hakuwa ameona mnyama mwingine ila panya, na kila alipoelezwa kondoo, alimdhania kuwa ni panya wa namna nyingine. Ibn Khaldun aliukubali mfano huu, lakini hakuishia hapo. Alisema kila habari ipimwe kwa tabia ya mambo yenyewe: linalowezekana lipokewe, na lisilowezekana likataliwe. Huu ndio msingi tutakaoufuata.

Lipo jambo moja ambalo wenye kumtuhumu kwa wizi wa maandishi hawalitilii maanani. Kwa Makka na Damascus alikuwa na Ibn Jubayr wa kumnakili. Kwa pwani yetu hakuwa na mtu wa jinsi hiyo. Al-Mas'udi, aliyefika katika bahari ya Zanj mwanzoni mwa karne ya 10, aliandika habari za pembe za ndovu na za wafalme wa Zanj. Al-Idrisi, aliyekamilisha kazi yake mwaka 1154 huko Sicily, aliitaja Malindi na Mombasa bila ya kuziona. Hakuna kati yao anayeeleza mlo wa Mogadishu au visima vya misikiti ya Mombasa. Kwa hiyo tuhuma ya kunakili, ambayo ni nzito kwa sura nyingine za Rihla, hapa ni nyepesi.

Aliyoyaona

Tuanze na Zeila. Ibn Battuta anasema kwamba mifugo ya watu wa huko ni ngamia, na kwamba wana kondoo wanaosifika kwa unono. Anaongeza kwamba mji unanuka kwa sababu ya samaki na damu ya ngamia wanaochinjwa njiani, hata akaona ni heri alale jahazini bahari ikiwa imechafuka kuliko kulala mjini. Hukumu yake juu ya uchafu ni ya mtu wa mji na mwanachuoni, na tunaweza kuiacha kando. Lakini kondoo wake hawaachiki. Msomaji aliyewahi kuingia katika soko la mifugo la Garissa anawajua: weupe wa mwili, weusi wa kichwa, na mafuta yamejikusanya makalioni. Mtu wa Tangier hakuwa na sababu ya kubuni unono wa kondoo. Aliutaja kwa kuwa aliuona, na kwa kuwa ulikuwa mgeni machoni pake.

Mogadishu anaieleza kwa marefu zaidi. Anasema ni mji mkubwa sana, wenye kuchinja ngamia wengi kila siku na kufuma nguo zinazopelekwa hadi Misri. Jahazi linapotia nanga, vijana huliendea kwa mashua ndogo, kila mmoja amebeba sahani iliyofunikwa, akampa mfanyabiashara mmojawapo na kutangaza kwamba huyo ni mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara hauzi wala hanunui ila kwa mkono wa mwenyeji wake. Na mauzo yanayofanywa bila ya mwenyeji kuwapo huhesabiwa kuwa si halali.

Je, desturi hii aliibuni? Katikati ya karne ya 19 Richard Burton alizuru nchi ya Wasomali, na katika kitabu chake cha mwaka 1856 anamweleza kwa kirefu abbaan: mwenyeji anayemdhamini mgeni, anayesimamia biashara yake, na ambaye bila yeye mgeni hana haki wala usalama. Baina ya ushahidi huu na ule imepita zaidi ya miaka 500, na Burton alikuwa kaskazini, mbali na Mogadishu. Hata hivyo kiini ni kimoja: mgeni hana nafasi katika jamii mpaka awe na mwenyewe. Misafara ya bara, iliyopita katika nchi za koo mbalimbali, nayo ilikwenda kwa dhamana ya namna hii. Hapa Rihla inathibitishwa na chanzo ambacho hakikuitegemea, na huo ndio uthibitisho wenye thamani.

Ni muhimu kutofautisha uthibitisho huo na ule wa kujidanganya. Ibn Battuta anasema kwamba kwa Sheikh wa Mogadishu alikula wali uliopikwa kwa samli, ukiwa juu ya sinia kubwa la mti na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Kisha ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mgando yenye achari ya ndimu, pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Mtu aketiye leo katika mkahawa wa Garissa huletewa wali na nyama, na ndizi moja pembeni. Ni rahisi kusema: tazameni, desturi ni ileile tangu 1331! Lakini ndizi nyingi za kusini mwa Somalia zilienea kwa mashamba yaliyoanzishwa katika ukoloni wa Wataliana, karne ya 20. Kufanana kwa sinia mbili si ushahidi wa kurithishana. Tunaiamini sinia ya Ibn Battuta kwa sababu nyingine: alikaa siku tatu akiletewa chakula mara tatu kwa siku, na anakieleza kitu kimoja kimoja kama anavyoeleza mtu aliyekila.

Vivyo hivyo Mombasa. Alilala huko usiku mmoja tu. Anasema kwamba watu wake ni Mashafii, ni wacha Mungu na waaminifu, na misikiti yao ni ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Kwenye kila mlango wa msikiti kuna kisima kimoja au viwili, kina chake dhiraa moja au mbili. Maji huchotwa kwa chombo cha mti kilichotiwa kipini chembamba. Na kwa kuwa watu hutembea pekupeku, kila anayeingia huosha miguu na kuipangusa kwenye jamvi gumu lililotandikwa mlangoni. Anataja pia tunda aliitalo jammun, linalofanana na zeituni na lenye kokwa ila ni tamu sana. Msomaji wa pwani hana shida ya kulitambua kuwa ni zambarau. Haya ni mambo yanayoonekana katika usiku mmoja. Kisima, kata, jamvi na tunda havihitaji kukaa mwaka. Lakini sifa kwamba watu wote wa Mombasa ni waaminifu haipatikani katika usiku mmoja. Katika aya hiyohiyo, basi, zimo kauli za madaraja mawili, na mhakiki hana budi kuzitenga.

Nyumba za Kilwa

Mtihani mgumu wa daraja la kwanza uko Kilwa. Ibn Battuta anausifu mji huo kuwa miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema kabisa. Kisha, kwa mujibu wa matini iliyochapishwa Paris katika miaka ya 1850 na Defrémery na Sanguinetti, na kufuatwa na H. A. R. Gibb, anasema kwamba nyumba zake zote ni za mbao na mapaa yake ni ya nyasi. Mwakiolojia Neville Chittick, aliyechimba Kilwa katika miaka ya 1960 na kutoa matokeo yake mwaka 1974, alionyesha kwamba Husuni Kubwa, jumba kubwa la mawe lenye vyumba vingi na birika la kuogea, ni la zama za Sultani al-Hasan ibn Sulaiman. Huyo ndiye sultani aliyempokea Ibn Battuta, na jina lake lilipatikana katika maandishi ya mawe palepale. Msikiti Mkuu nao ulipanuliwa kwa mawe, nguzo na kuba katika karne hiyohiyo ya 14.

Basi msafiri hakuona? Baadhi ya wataalamu waliona ni heri kuisahihisha matini. G. S. P. Freeman-Grenville, katika mkusanyo wake wa mwaka 1962, aliifasiri sentensi hiyo kwa namna ambayo mbao zinatoweka, mji wote unakuwa umejengwa kwa uzuri, na mapaa yanakuwa ya boriti za mikoko. Tafsiri hiyo inalingana na magofu. Lakini tukiruhusu magofu yaandike upya kila sentensi isiyolingana nayo, hatutabaki na shahidi. Tutabaki na mwangwi wa mawazo yetu wenyewe.

Kwa maoni yetu, lipo jibu lisilohitaji kuibadilisha matini. Mji wa mawe wa pwani haukuwa wa mawe wote. Majumba ya mawe yalikuwa ya wenye mamlaka na mali. Wengi waliishi katika nyumba za miti, udongo na makuti, ambazo hazikuacha gofu. Neno lenye kasoro katika kauli ya Ibn Battuta ni lile la "zote". Aliziona nyumba za watu wengi, na baada ya miaka 24 wingi ukageuka kuwa ukamilifu. Namna hiyohiyo anasema Kilwa ina mvua nyingi. Mtu ashukaye na upepo wa kaskazi na kukutwa na masika ana haki ya kusema hivyo, ijapokuwa anageuza msimu kuwa tabia ya nchi. Tukilipunguza neno "zote", maelezo yake yanatufaa kuliko magofu, kwa sababu yanatukumbusha wakazi ambao mawe hayawakumbuki.

Aliyoyasikia

Tukiingia katika daraja la pili tunakuta ardhi imekuwa laini. Akiwa Kilwa, Ibn Battuta aliambiwa na mfanyabiashara kwamba Sofala iko mwendo wa nusu mwezi, na kwamba dhahabu yake inatoka Yufi, katika nchi ya Walimi, mwendo wa mwezi mmoja kutoka Sofala. Lakini katika sura ya safari ya Mali, Yufi ileile inatajwa kuwa kando ya mto aliouita Nile, yaani mto Niger, upande wa pili wa bara. Dhahabu ya Sofala ilitoka katika nyanda za Zimbabwe; na kule Great Zimbabwe, mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilichimbuliwa sarafu ya shaba yenye jina la al-Hasan ibn Sulaiman. Biashara aliyoisikia ilikuwapo kweli. Jiografia yake ndiyo iliyochanganywa, na yumkini ilichanganywa Fez, pale habari za Kilwa na za Mali zilipokutana katika kichwa kimoja.

Hadithi ya ukarimu wa Sultani ina tatizo la namna nyingine. Anasema kwamba fakiri mmoja alimwomba Sultani nguo alizovaa, naye akampa palepale. Mrithi wake akazikomboa kwa watumwa kumi, na Sultani alipoona watu wanamsifu, akaongeza watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe. Kisha anasema kwamba Sultani huyo alipofariki akatawala ndugu yake Daud, ambaye alikuwa kinyume chake, akiwaambia waombaji kwamba aliyekuwa akitoa amekufa na hakuacha cha kutoa. Al-Hasan alikuwa hai Ibn Battuta alipoondoka Kilwa, kwa hiyo habari za Daud alizisikia baadaye, kwingine. Habari za Kilwa zilizohifadhiwa kwa Kiarabu zinawataja al-Hasan, aliyejulikana kwa jina la Abu al-Mawahib, na Daud vilevile. Urithi wa kiti, basi, una ushahidi wa pili. Maneno ya Daud kwa waombaji hayana. Yana sura ya kisa cha barazani, ambamo karimu na bahili huwekwa bega kwa bega ili msikilizaji apate funzo. Waswahili husema lisemwalo lipo. Mhakiki hana ruhusa ya kuishia hapo.

Aliyoyapita

Sasa tunafika katika sehemu inayoigusa Garissa moja kwa moja. Kati ya Mogadishu na Mombasa Ibn Battuta hataji mji wowote. Hakuna Barawa, hakuna Pate, hakuna Lamu, hakuna Malindi. Wala hakuna mto Tana, wala watu wa nyuma ya pwani. Baadhi ya wasomaji hukitazama kimya hiki na kusema kwamba sehemu hiyo ilikuwa tupu, au kwamba watu fulani walikuwa bado hawajafika.

Hoja hii huanguka kwa mfano mmoja. Katika miaka ya 1980 Mark Horton alichimba Shanga, katika kisiwa cha Pate, akakuta misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine kuanzia karne ya 8. Mji huo ulikuwa hai mwaka 1331, ukiwa na msikiti wa mawe, na haukuhamwa mpaka mwanzoni mwa karne ya 15. Ibn Battuta alipita karibu nao bila ya kuutaja. Ikiwa kimya chake hakiwezi kuufuta mji wenye msikiti wa mawe, kitawafutaje watu waliojenga kwa miti na ngozi, waliofuata malisho, waliolima kando ya mto au waliowinda msituni?

Hili si suala la wasomi peke yao. Hapa Kaskazini Mashariki swali la nani alitangulia lina uzito wake. Lilikuwapo nyuma ya mabishano ya mwaka 1962, Waingereza walipounda tume ya kuwauliza wakazi wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini wanataka kuwa upande gani, na nyuma ya vita vya shifta vya 1963 hadi 1967. Lingali likisikika kila panapozuka ubishi juu ya mpaka wa Garissa na Tana River, na juu ya nani ana haki ya mto na malisho. Katika mabishano ya jinsi hii, kitabu cha kale huwa silaha nyepesi kushika. Anayekuta kwamba Ibn Battuta anawataja watu wa Barbara huko kaskazini na Zanj huko kusini anaweza kuchora mstari katikati, akadai kuwa ni mpaka wa tangu azali. Lakini msafiri huyo hakuwahi kuchora mstari huo. Alitumia majina aliyoyarithi katika vitabu vya Waarabu, na aliyatumia kwa watu aliokutana nao bandarini. Bara hakulikanyaga.

Tena tuangalie ni nani asiyeonekana hata pale alipofika. Ngamia wanachinjwa kila siku Mogadishu, lakini mchungaji aliyewalea hayumo. Pembe za ndovu zinatolewa zawadi Kilwa, lakini aliyewinda hayumo. Watumwa wanahesabiwa kwa makumi, lakini hakuna hata mmoja mwenye jina. Ibn Battuta alikuwa mwanachuoni wa sheria, na kila alipofika alipelekwa kwa kadhi na kwa sheikh. Aliyoyaona ni yale yanayoonekana kutoka kwenye baraza ya kadhi. Hilo haliupunguzi ushahidi wake, bali linatuonyesha ukomo wake.

Jina la Sawahil

Imebaki hoja ambayo walimu wa Kiswahili huipenda kuliko zote. Ibn Battuta anasema kwamba alisafiri kwenda katika nchi ya Sawahil, na kwamba Mombasa ni kisiwa kilicho umbali wa siku mbili baharini kutoka katika nchi hiyo, ambako ndiko kunakotoka nafaka ya Mombasa. Sentensi hii imewasumbua wengi, kwa kuwa Mombasa imekaribiana mno na bara, na mtu huvuka kwa muda mfupi. Kama siku mbili ni za kweli, Sawahil ilikuwa sehemu maalumu, si pwani nzima. Mtu wa Garissa anaweza kushawishika kusema kwamba mwendo wa siku mbili kaskazini unatufikisha upande wa Lamu na mlango wa Tana, mahali penye ardhi ya mafuriko ifaayo kwa kilimo. Na kwa hiyo jina la Waswahili lilizaliwa kwenye mto uleule unaopita hapa mjini.

Nadharia hii inatupendeza, na hiyo ni sababu tosha ya kuihofia. Mtu aliyelala Mombasa usiku mmoja hakupima umbali huo. Aliambiwa na mabaharia. Siku mbili zaweza kuhesabiwa kusini vilevile. Kauli hii ni ya daraja la pili, na haiwezi kubeba nyumba tunayotaka kuijenga juu yake. Tena, hata tukilikubali jina la mahali, bado hatuna lugha. Ibn Battuta hasemi neno lolote juu ya lugha ya watu wa Mombasa wala wa Kilwa. Lugha pekee anayoitaja katika safari hii ni ya Sheikh wa Mogadishu, ambayo anaiita Kimaqdishi. Na wapo walioivuta iwe Kisomali, na walioivuta iwe lahaja ya Kiswahili. Yeye hakuacha hata sentensi moja ya lugha hiyo ya kuamulia.

Ushahidi wa lugha unapatikana kwingine. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kazi yao ya mwaka 1993, walionyesha kwa ulinganishi wa sauti, msamiati na sarufi kwamba Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo, Kikomoro na Kiilwana ni lugha za kundi moja, waliloliita Sabaki. Sasa, Wailwana, waitwao pia Wamalakote, wanaishi kando ya mto Tana, kati ya Garissa na Bura. Lugha yao, ambayo Nurse aliirudia katika kitabu cha mwaka 2000, ni ya Kibantu, lakini imebeba alama nzito za lugha za Kikushi, hasa Kiorma. Maana yake ni kwamba karibu na Garissa wanaishi watu ambao vinywa vyao vimehifadhi undugu na Kiswahili pamoja na historia ndefu ya kuishi na wafugaji. Historia hiyo haimwambii mtu nani amfukuze nani. Inamwambia kwamba watu wa mto na watu wa malisho wamekuwa wakisemezana kwa muda mrefu. Hakuna aya ya Rihla inayotupa hilo.

Hitimisho

Kwa muhtasari, Ibn Battuta ni shahidi mwema wa vitu vilivyomfikia mkononi, kinywani na machoni: kondoo wa Zeila, mwenyeji wa Mogadishu, kata ya Mombasa, mapaa ya Kilwa. Ni shahidi wa wastani, na mara nyingine wa hatari, katika yale aliyosimuliwa. Na katika yale aliyoyapita si shahidi kabisa. Anayemtumia darasani hana haja ya kumtetea wala kumtukana. Amwulize tu, kwa kila kauli: hili ulilijuaje?

Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, walimu wa historia ya Kiswahili waache kulitumia jina la Sawahil katika Rihla kama cheti cha kuzaliwa kwa lugha. Litumike kama jina la mahali tu. Pili, idara zetu, hasa zilizo karibu na Tana, ziwapeleke wanafunzi wakakusanye msamiati na masimulizi ya Wailwana, Wamunyoyaya, Wapokomo na Waaweer wakati wazee wenye kuyajua wangalipo. Rihla imekuwa ikisomwa na kufasiriwa tena na tena, nayo haiendi popote. Wazee hao hawana Ibn Juzayy wa kuwaandikia, na kazi hiyo ni yetu.